Kinga za Goti na Ugoko kwa Baiskeli za Milimani: Ipi Ivaliwe kwa Njia Ipi

Mtu anayetafuta kinga za miguu kwa ajili ya baiskeli ya milimani hukutana mapema na mvutano ambao hakuna kampuni iliyoumaliza. Kinga nene hulinda vizuri, lakini wakati wa kupanda hubana na kujaa jasho. Kinga nyepesi husahaulika mguuni, lakini jiwe lenye ncha hujulikana kupitia humo. Wanunuzi wengi hulinganisha unene, bei na jina la kampuni, na mambo hayo yote yana maana, ila yapo nyuma ya swali moja ambalo ni vema likatangulia: je, kinga hii itakuwa juu ya goti langu, mahali pake hasa, pale nitakapoanguka? Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiongoza waendesha baiskeli katika Milima ya Usambara, ambako mteremko karibu kila mara hutanguliwa na saa moja au mbili za kupanda juani. Magoti mengi niliyoyasafisha na kuyafunga bandeji yalikuwa ya watu waliokuwa na kinga, tena nzuri, zilizofungwa kwenye begi mgongoni kwa sababu zilikuwa nzito mno kupanda nazo, na walipofika juu hawakutaka tena kuvua viatu ili wazivae.

Kwa hiyo katika ulinganisho huu nitazipima kinga kwa mambo mawili kwa pamoja, yaani zinazuia nini na zinavumilika kwa muda gani.

Goti na ugoko haviumii kwa namna moja

Goti huumizwa na ardhi. Ugoko huumizwa na baiskeli yenyewe. Anayeteleza kwenye kona, au anayerushwa mbele na mzizi, hutua kwa viganja na magoti, na goti hupokea mambo mawili yanayofuatana. Kwanza ni pigo la mara moja juu ya pia ya goti, kisha ni mkwaruzo wa mwili mzima unaoendelea kuburuzwa juu ya changarawe. Pigo huhitaji kitu cha kulimeza. Mkwaruzo huhitaji kitambaa kigumu kuchanika na kinga isiyohama, kwa maana kinga ikishuka sentimita tano tu katika nusu sekunde ya kwanza, goti litamaliza safari likiwa tupu.

Ugoko hauna nyama mbele. Ni ngozi juu ya mfupa, na adui wake mkubwa ni pedali. Pedali bapa za milimani zina vijiti vifupi vya chuma vilivyopandwa juu yake ili soli ya kiatu isiteleze, na hufanya kazi hiyo vizuri sana. Mguu ukichomoka, pedali huzunguka kwa nguvu na kurudi, na vijiti vile vile vilivyokuwa vinashika soli hushika ngozi.

Kovu nililonalo kwenye ugoko wa kulia nililipata katika msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, asubuhi yenye ukungu, kwenye mzizi uliolowa ambao haukuwa wa kutisha hata kidogo. Sikuanguka. Mguu ulitoka, pedali ikarudi, na niliposimama kutazama niliona matundu manne yaliyopangana kwa mstari, meupe kwanza, ndipo yakaanza kujaa damu moja baada ya jingine. Muuguzi aliyenisafisha aliuliza, "Kaka, umeng'atwa na nini?" kabla hajanichoma sindano ya pepopunda. Siku ile nilikuwa nimevaa kinga za goti zilizonigharimu fedha nyingi, na ukingo wake wa chini uliishia vidole vitatu juu ya jeraha.

Ndiyo maana nasema uchaguzi uanzie kwenye pedali. Anayetumia pedali za kunasa kiatu, ambazo soli hufungwa kwenye pedali kwa kipande cha chuma, mara chache hupigwa ugoko, kwa sababu mguu hauchomoki bila kukusudia; huyo anaweza kuweka fedha zake zote kwenye goti. Anayetumia pedali bapa, na wengi wetu huku ndizo tunazotumia, ana sehemu mbili za kulinda, na atapaswa kuamua kama atazilinda kwa kinga moja ndefu au kwa vitu viwili tofauti.

Kinga ya soksi

Aina ya kwanza ni soksi ya kitambaa kinachovutika, inayopandishwa kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi juu ya goti, ikiwa na kipande chembamba cha sponji maalumu mbele. Nyingi hazina mikanda. Hushikiliwa na ukingo wa mpira wenye mistari ya silikoni. Nyuma ya goti huwekwa kitambaa cha wavu, au huachwa tundu ili hewa ipite. G-Form ya Marekani hutengeneza kinga za namna hii zenye vipande vilivyogawanyika mithili ya magamba ya kakakuona, Leatt, iliyoanzia Afrika Kusini, inazo zake zinazoitwa AirFlex, na 7iDP wana ile iliyopewa jina la Sam Hill, Mwaustralia aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za mteremko.

Kinachoziwezesha kuwa nyembamba ni aina ya sponji. Aliyewahi kukoroga wanga na maji kidogo anaijua tabia hii: ukiingiza kidole polepole kinazama, lakini ukiupiga kwa ghafla unakuwa mgumu kama ubao. Sponji za kinga za kisasa hufanya jambo linalofanana na hilo. Goti likikunjwa taratibu hulegea na kulifuata, na likigongwa hukaza kwa muda mfupi, zikaeneza pigo juu ya eneo pana. D3O, iliyobuniwa na Mwingereza Richard Palmer mwaka 1999 na inayotambulika kwa rangi yake ya chungwa, ndiyo maarufu zaidi, lakini si ya pekee. POC ya Sweden hutumia yake inayoitwa VPD, na kampuni ya Ujerumani ya SAS-TEC huwauzia watengenezaji wengi.

Sifa yake kuu ni kwamba huvaliwa asubuhi na kuvuliwa jioni. Mtu hupanda nayo, hula nayo chakula cha mchana, hushuka nayo. Kwa mwendo wa kawaida, kwa mizizi, udongo na changarawe ndogo, inatosha kabisa. Udhaifu wake uko mahali pawili. Kwanza ni pembeni mwa goti, ambako mara nyingi hakuna sponji yoyote, ilhali anguko la kona hukutupa kwa ubavu. Pili ni jiwe lenye ncha. Sponji nyembamba hueneza pigo la kitu bapa vizuri zaidi kuliko la kitu kilichochongoka, na kitambaa chake huchanika mapema. Nimeona soksi mpya ikitoboka katika anguko la kwanza juu ya kokoto za barabara inayotengenezwa. Goti lilitoka na michubuko midogo tu, lakini kinga yenyewe ilikuwa imekwisha.

Kinga ya sponji nene

Hii ni nduguye mkubwa. Umbo ni lile lile la soksi, lakini sponji mbele ni nene zaidi, pembeni kuna mito ya ziada, kitambaa cha mbele ni kizito na kigumu kuchanika, na juu na chini huongezwa mkanda wa kunata. Fox, Endura, iXS na wengineo hutengeneza za aina hii, nyingi zikiwa na D3O au sponji ya namna hiyo ndani.

Kama ningelazimika kubaki na jozi moja tu kwa ajili ya Usambara, ningechagua hii, na sababu si unene wa sponji. Ni ule mkanda wa juu. Soksi isiyo na mkanda hutegemea mpira, na mpira hulegea. Baada ya mwaka mmoja wa jasho na vumbi jekundu, silikoni hupoteza mshiko na kinga huanza kushuka kwa kila mzunguko wa pedali. Mkanda humwezesha mtu kupanda akiwa ameulegeza, kisha akifika juu anaukaza kwa mkono mmoja bila kuvua kiatu. Hayo yote huchukua sekunde kumi, na mtu aliyechoka hawezi kukataa kazi ya sekunde kumi.

Gharama yake ni joto. Kutoka Lushoto, iliyo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hadi Mombo kwenye tambarare, hewa hubadilika kabisa, na kinga iliyokuwa ya kupendeza kule juu huwa kama kitambaa cha moto nyuma ya goti. Jambo la kuangalia kabla ya kununua ni sehemu hiyo ya nyuma. Kama kitambaa kimeshonwa kwa tabaka mbili, au mshono unapita katikati ya mkunjo wa goti, ngozi itachubuka kabla ya saa tatu kwisha. Pitisha kidole ndani, na kama kidole kinausikia mshono, ngozi nayo itausikia.

Kinga ya ganda gumu

Hapa mbele huwekwa ganda la plastiki, na nyuma ya ganda kuna sponji. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya ganda ni kuwa gumu. Kazi yake ya kwanza ni kutawanya ncha ya jiwe, ili sponji ipokee mgandamizo mpana badala ya tundu moja. Kazi ya pili, ambayo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi, ni kuteleza. Kitambaa kikigusa mwamba hushika, na kinaposhika huvuta kinga nzima kwenda chini huku mwili ukiendelea mbele. Ganda huteleza juu ya mwamba na kubaki mahali pake.

Kwa mteremko wa mawe matupu, kwa mtu anayejifunza kuruka, na kwa viwanja vya baiskeli ambako watu hupandishwa kwa gari au kiberenge na kushuka tu, hii ni bora kuliko zilizotangulia. Kwa mtu anayepanda mwenyewe, ganda hugonga usukani kwenye kona kali, hukwangua paja la ndani, na mikanda mitatu au minne nyuma ya mguu hukata mzunguko wa damu ikikazwa kama inavyotakiwa. Zipo za kati, zenye ganda dogo lililofichwa chini ya kitambaa. Hizo huzuia ncha ya jiwe vizuri, lakini hazitelezi kama ganda lililo nje.

Kinga ndefu ya goti na ugoko kwa pamoja

Kinga ndefu hufunika kuanzia juu ya goti hadi karibu na kifundo cha mguu. Huwa na sehemu mbili zilizounganishwa kwa kiungo au kitambaa, ili goti likunjwe bila sehemu ya ugoko kunyanyuka. Fox wanayo katika familia yao ya Launch, Leatt wanayo inayoitwa Dual Axis, na 7iDP wanayo katika familia ya Transition.

Wengi huiogopa kwa sababu ya ukubwa, lakini ina faida moja ambayo haisemwi vya kutosha. Haishuki kirahisi. Kinga fupi imening'inia kwenye goti na haina kitu cha kuegemea, wakati kinga ndefu imelala juu ya mfupa wa ugoko na mkanda wake wa chini umekaa chini ya shavu la mguu, mahali ambapo mguu umepungua. Mtu mwenye miguu myembamba, ambaye kinga fupi zote humpwaya, mara nyingi hugundua kwamba ndefu ndiyo inayomkaa.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Ikiwa kiungo hakipo sawasawa na goti lake mvaaji, sehemu ya juu husukuma ile ya chini kila anapokunja, na baada ya kilomita chache ukingo wa chini huanza kukwangua sehemu ya juu ya kiatu. Mguu wote wa mbele hauna hewa. Uzito wake huonekana mdogo dukani lakini mguu huunyanyua zaidi ya mara elfu tatu kwa saa. Ningeipendekeza kwa anayeanza kutumia pedali bapa zenye vijiti vikali, kwa watoto, ambao kwao kupanda kwa muda mrefu si sehemu ya mchezo, na kwa yeyote ambaye siku yake ni ya kushuka tu.

Kwa sisi wengine ipo njia ya kati ambayo ndiyo niliyoishia nayo baada ya yale matundu manne: kinga fupi ya sponji nene kwenye goti, na kinga ya ugoko ya mpira wa miguu chini ya soksi ndefu. Kinga za ugoko za wanasoka zina kiwango chake cha Ulaya, EN 13061, zimetengenezwa kwa ajili ya mateke na meno ya viatu, na kijiti cha pedali si kitu kigeni sana kwao. Zinapatikana katika kila mji wenye duka la michezo, kwa sehemu ndogo ya bei ya kinga ndefu. Zichaguliwe zile zinazoingia ndani ya soksi yake maalumu, si zile za kuchomeka tu, kwa sababu mguu wa mwendesha baiskeli huzunguka bila kupumzika na kipande kilicho huru huhamia pembeni. Hakikisha pia kwamba ukingo wake wa juu unaingia chini ya kinga ya goti kwa upana wa vidole viwili hivi, goti likiwa limekunjwa na likiwa limenyooka.

Kinga nyingine za kuazima hazifai kwa kiasi hicho. Zile za mpira wa wavu ni sponji ya kawaida iliyokusudiwa sakafu ya ukumbi, na kitambaa chake hakiwezi changarawe. Zile za watelezaji wa viatu vya magurudumu, zinazofuata kiwango cha EN 14120, zina ganda zuri, lakini humkunja mtu vibaya anapokanyaga pedali. Zile ndefu za plastiki zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya pikipiki huvutia kwa bei, nami nilizinunua mwanzoni. Muuzaji alinihakikishia kwamba zina kiwango, ila nilipozigeuza nyumbani sikuona lebo yoyote ndani, na kwenye anguko la kwanza ribiti za kiungo ziling'oka zote mbili.

Kusoma lebo

Hilo linanileta kwenye lebo, ambayo ni mstari mmoja wa alama ndogo unaostahili dakika mbili za utulivu. Kinga nyingi nzuri za goti za baiskeli za milimani hupimwa kwa EN 1621-1, kiwango cha Ulaya kilichotungwa kwa ajili ya waendesha pikipiki. Katika kipimo hicho, uzito wa kilo 5 huangushwa juu ya kinga kwa nguvu inayolingana na kuuachia kutoka takriban mita 1, kisha hupimwa ni nguvu kiasi gani imepenya hadi upande wa pili. Kinga ya daraja la 1 inatakiwa kupitisha wastani usiozidi kilonewtoni 35, na ya daraja la 2 usiozidi kilonewtoni 20. Tofauti hiyo si ndogo, na ndiyo maana za daraja la 2 huwa nene. Kwa kupanda na kushuka kwa siku nzima, daraja la 1 linalovaliwa linanitosha.

Kwenye lebo utaona pia herufi. K ni goti. K+L ni goti pamoja na sehemu ya mbele ya mguu chini yake, na hiyo ndiyo alama ya kutafuta kwenye kinga ndefu. Ikiwa kinga ndefu ina K peke yake, basi sehemu ya ugoko haikupimwa kwa kiwango hicho, hata kama inaonekana nene. A na B huonyesha ukubwa wa eneo lililolindwa, B likiwa pana zaidi. Alama ambayo watu wa nchi za joto hawana budi kuijali ni T+, inayoonyesha kwamba kinga imepimwa pia katika nyuzi joto 40 za Selsiasi, kwa kuwa sponji hizi hulainika kwa joto. T- ni kwa baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Alama hizo mbili za joto ni za hiari, hivyo kutokuwepo kwake si dalili ya udanganyifu.

Jambo ambalo hakuna alama kati ya hizo inayolihusu ni kusokotwa kwa goti. Kano za ndani ya goti hukatika kwa kuzungushwa, na kinga hizi zote, ziwe laini au ngumu, hazizuii mzunguko. Aliyewahi kuumia kano anahitaji ushauri wa daktari na kifaa cha aina nyingine kabisa chenye fremu na bawaba.

Kupima dukani, au mbele ya mlango wa nyumba

Saizi za kampuni moja hazilingani na za nyingine. Tumia futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa paja juu ya goti na mzunguko wa shavu la mguu chini yake kwa umbali ambao jedwali la kampuni husika linautaja, ukiwa umesimama na umekaza misuli. Ukiangukia kati ya saizi mbili, chukua ndogo kwa kinga ya soksi, kwa sababu kitambaa kitalegea. Kwa kinga yenye ganda chukua inayolingana na goti lenyewe, usiamue kwa paja, kwa kuwa ganda halibadiliki.

Baada ya kuivaa, chuchumaa mara ishirini. Kisha keti kwenye kiti, kunja goti kama liko juu ya pedali, weka kiganja juu ya kinga na uisukume chini kwa nguvu, kama anayesukuma mlango uliokwama. Ikihama zaidi ya upana wa vidole viwili, itahama zaidi ya hapo kwenye changarawe. Fanya hivyo pia kwa pembeni. Ni kipimo cha nusu dakika, na kimenizuia kununua jozi mbili ambazo kila mtu alizisifu.

Kwa mitumba, ambayo ni njia halali kabisa ya kupata kinga nzuri kwa bei nafuu, kunja sponji mpaka ncha zikutane na utazame kama ina nyufa ndogo, vuta ukingo wa mpira uone kama unarudi, na ubonyeze kila mto wa pembeni. Sponji laini hurudia umbo lake baada ya pigo. Ile nyeupe inayofanana na ya ndani ya helmeti hubonyea mara moja tu na haifai tena, hata kama kitambaa juu yake hakina doa.

Kwa njia ipi

Kwa msitu wa Karura jijini Nairobi, kwenye njia pana za udongo, soksi nyepesi inatosha, na kwa mwenye pedali bapa iongezewe kinga za mwanasoka. Kwa Congo Nile Trail ya Rwanda, ambayo ina takriban kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi kando ya Ziwa Kivu na ambayo sehemu yake kubwa ni barabara ya vumbi yenye vilima visivyokwisha, ningebeba soksi nyepesi mno kuliko zote, kwa sababu ya siku nyingi za kukanyaga mfululizo. Kinga nene huko itaishia kwenye begi siku ya kwanza. Kwa Usambara, kuanzia Lushoto kwenda Mtae au kushuka kuelekea Mombo, sponji nene yenye mkanda wa juu, pamoja na kinga za ugoko kwa wenye pedali bapa. Mvua ikinyesha, hata mwenye pedali za kunasa asidharau ugoko, kwa maana mizizi ya Magamba humwangusha mtu kabla hajafungua kiatu.

Kilimanjaro ni habari ya peke yake. Njia ya Kilema ndiyo inayotumiwa na baiskeli, na anayelala Horombo, kwenye mita 3,720, huamka akikuta kila kitu kimegandishwa na baridi. Sponji zinazokaza kwa pigo hukaza pia kwa baridi. Utaikuta kinga uliyoivua jana ikiwa laini imekuwa ngumu kama kandambili ya zamani, haikunjiki, na ukiilazimisha itakaa vibaya juu ya goti na kubaki hivyo. Njia yake ni moja: lala nayo ndani ya begi la kulalia, ivae chini ya suruali wakati wa kunywa chai, tembea nayo kambini mpaka uisikie imelegea na kulishika goti, ndipo ukaze mkanda wa juu na kuanza kushuka.